Maswali ya Wasomaji: Dawa ya Nano Inashikaje Kwenye Ngozi?

Fundi wa Kariakoo ameuliza jambo ambalo wengi wenu mmekuwa mkilizungukazunguka, kwa hiyo mwezi huu nampa yeye nafasi kubwa. Wengine nimewajibu kwa ufupi, isipokuwa dada wa Lamu, ambaye jambo lake linahitaji uangalifu, na mwanafunzi wa Mwanza.

*Shikamoo mama. Mimi ni fundi viatu, nashona na kukarabati vya ngozi hapa Kariakoo. Kuna dawa ya nano inauzwa kwenye chupa, ukipulizia kiatu maji yanateleza yenyewe. Nimewapulizia wateja kwa malipo kidogo. Viatu vya swedi vimekubali vizuri. Vile vyeusi vya kung'aa vimerudi mvua zilipoanza; pale kiatu kinapojikunja mbele, maji yanaingia. Jozi moja imefanya ukungu mweupe, na hiyo nilichanganya dawa na maji kidogo ili itoshe. Wateja wanasema nimewauzia maji. Dawa ni feki, au hizi chembe hazishiki kwenye ngozi?*
*Fundi viatu, Dar es Salaam*

Marahaba mwanangu. Dawa ya aina hiyo inaweza kuwa halali kabisa na bado ikapukutika mapema, kwa sababu ulichopulizia kwenye viatu vya kung'aa si ngozi. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye idara ya umaliziaji ya kiwanda cha ngozi, kule ambako ngozi ikishakauka hupakwa rangi, resini na vanishi, kisha hupigwa pasi kwa mashine. Kiatu cheusi cha ofisini kina utando wa akriliki au poliyurethani juu yake, na ngozi yenyewe iko chini ya utando huo, haioni jua wala dawa yako. Swedi haina utando. Ni nyuzi za ngozi zilizopigwa msasa zikaachwa wazi. Kwa hiyo chupa moja umeitumia kwenye vitu viwili tofauti: huku protini, huku plastiki. Ukipita porini, kishona nguo hung'ang'ania kanga lakini huteleza kwenye koti la mvua, na mbegu ni ile ile.

Protini ninayoitaja ni kolajeni. Molekuli yake moja ni minyororo mitatu iliyosokotwa pamoja, yenye urefu wa karibu nanomita 300 na unene wa nanomita 1.5 tu, nanomita ni milimita moja ikigawanywa mara milioni. Molekuli hizo hujipanga kuwa nyuzi, nyuzi zikawa matita, na matita yakasukana kila upande. Ndiyo maana ngozi haichaniki kwa mstari mmoja kama kitambaa. Ubavuni mwa minyororo hiyo kuna vikundi vya kemikali vya aina mbili ambavyo kila msindikaji wa ngozi huvitegemea: vikundi vya asidi, vinavyoweza kubeba chaji hasi, na vikundi vya amino, vinavyoweza kubeba chaji chanya. Kromu, chumvi ya madini inayotumika viwandani kusindika ngozi, hushika kwenye vikundi vya asidi. Magome ya miti ya miwati na ya mikoko, ambayo nayo husindika ngozi, hushika kwa njia nyingine, kwa vifungo vya haidrojeni, kimoja kimoja dhaifu lakini vingi mno. Ngozi mbili za ng'ombe mmoja, moja ya kromu na nyingine ya magome, si kitu kimoja tena. Ya kromu, ikiwa na asidi yake ya kawaida, pH karibu 4 (pH ni kipimo cha asidi; ikishuka, asidi imezidi), huelemea chaji chanya. Ya magome huwa karibu na sifuri au huelemea hasi.

Sasa njoo kwenye chupa. Dawa nyingi za namna hii zina chembe za silika, kitu kile kile kilichomo kwenye mchanga na kioo, zikiwa na ukubwa usiozidi nanomita 100. Werner Stöber na wenzake walichapisha mwaka 1968 njia ya kuzitengeneza zikiwa duara na zinazolingana, na mpaka leo maabara zinaitumia. Silika tupu ndani ya maji hubeba chaji hasi pH ikipanda juu ya 2 hivi, nayo hupenda maji. Ukitaka ifukuze maji, au ishike mahali unapotaka, inabidi uivishe. Vazi lake mara nyingi ni sileni, molekuli ambayo upande mmoja hujifunga kwenye uso wa silika na upande wa pili, mkia, hutazama nje. Mkia ukiwa wa mafuta au wa florini, maji hukimbia. Ukiwa wa amino, chembe hubeba chaji chanya. Ukiwa wa epoksi, unaweza kufunga kifungo cha kudumu na vikundi vya amino vya protini. Ngozi haikutani na silika hata siku moja. Inakutana na vazi. Hilo ndilo ningependa kila muuzaji wa dawa hizi aulizwe dukani: chembe zako zimevaa nini? Na fundi naye ajiulize: ngozi yangu imevaa nini?

Hapa ndipo ugumu wa dawa ya kuzuia maji ulipo. Mkia unaofukuza maji hauna kikundi cha kushikana na kolajeni, wala na plastiki. Kinachobaki kuishikilia chembe ni mvutano hafifu ulioko kati ya vitu vyote vinapokaribiana sana. Usiudharau lakini, kwa sababu ukubwa huu unaupa nguvu. Chukua mchemraba wa silika wa sentimita moja kila upande. Uso wake wote ni sentimita za mraba 6. Ukate vipande vya nanomita 10, na jumla ya nyuso inafika mita za mraba 600, kwa uzito ule ule. Chembe ndogo hivyo haina uzito wa kuiangusha, ila ina uso wa kutosha wa kugusana. Ikiingia kati ya nyuzi za swedi inakaa, maana imezungukwa na imebanwa. Kwenye utando laini wa kiatu cha kung'aa imegusa nukta moja tu, na inasuguliwa na suruali, na kitambaa cha kung'arishia, na vumbi. Watengenezaji wanaojua kazi huongeza resini kidogo ya kuigandisha. Wasiojua huacha hivyo hivyo, na majaribio ya tone la maji pale dukani yanafaulu vizuri sana, kwa sababu hakuna aliyesugua.

Kuna jaribio moja ninalolipenda kuwasimulia vijana, kwa sababu linaonyesha chembe zikishika kweli. Mwaka 2014 kundi la Ludovic Leibler huko Paris lilichapisha kazi yao: walichukua vipande viwili vya ini la ndama, wakapaka kwa brashi maji yenye chembe za silika kwenye uso uliokatwa, wakavibandika na kubonyeza kwa vidole sekunde chache. Vikashikana. Hakukuwa na gundi ya kawaida yoyote. Kila chembe ilishikwa na minyororo kutoka kipande hiki na kipande kile, mahali pengi kwa wakati mmoja, na hata mnyororo mmoja ulipoachia, mingine ilibaki, kisha ule ulioachia ukashika tena pengine. Lakini angalia masharti yake: nyuso zilikuwa mbichi, zenye majimaji, minyororo yake ikiwa huru kusogea. Kiatu chako kilishakauka, kikatiwa mafuta kiwandani, kikapakwa vanishi, kikapakwa na kiwi nyumbani. Hakuna mnyororo ulio wazi wa kuikumbatia chembe.

Mkunjo wa mbele unaeleweka kirahisi. Kila hatua, utando pale hukunjwa na kunyooshwa, na baada ya muda hupasuka nyufa nyembamba usizoziona kwa macho. Dawa ilikuwa juu ya utando. Ufa ni uso mpya ambao haukupata dawa.

Ukungu mweupe ni maji uliyochanganyia. Chembe hizi hukaa zimetawanyika kwenye chupa kwa sababu zina chaji inayofanana, zinasukumana. Chumvi huifunika chaji hiyo. Zikikaribiana hushikana zenyewe kwa zenyewe, na donge likishakuwa kubwa linatawanya mwanga, ndipo unaona weupe. Visima vingi vya Dar es Salaam vina maji ya chumvi. Usiongeze maji yoyote kwenye dawa iliyokwisha kuchanganywa kiwandani, hata ya mvua. Huo weupe uliopo ujaribu kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Kama umekaa juu tu, utatoka.

Kabla ya kupokea pesa ya mteja, fanya hivi. Weka tone la maji mahali pasipoonekana, ila kwenye uso ule ule utakaoupulizia, kwenye ulimi wa kiatu chini ya kamba kwa mfano. Likinywewa na kuacha alama nyeusi ndani ya dakika moja, nyuzi ziko wazi na dawa ina pa kuingia. Likibaki limesimama, kuna utando au mafuta, na hapo mwambie mteja wazi kwamba dawa itadumu siku chache na itabidi irudiwe, au mshauri nta, ambayo kwenye kiatu cha kung'aa ni bora na rahisi zaidi. Tazama pia ukingo uliokatwa. Ngozi ya kromu ambayo rangi haikufika katikati huonyesha mstari wa buluu ya kijivu. Ya magome ni kahawia. Ukiwa bado na shaka, loweka misumari yenye kutu kwenye siki kwa siku kadhaa, kisha dondosha tone la siki hiyo upande wa nyama wa kipande chakavu. Ngozi ya magome huwa nyeusi papo hapo, kwa sababu chuma kimekutana na taneni, ile kemikali ya magome inayosindika ngozi. Usifanye jaribio hilo kwenye kiatu cha mteja, maana weusi huo hautoki.

Na kabla ya kupulizia swedi, ipige brashi, uondoe vumbi, na uiache ikauke kabisa kivulini. Kama iliwahi kuoshwa, sabuni ikibaki kwenye nyuzi ndiyo itakayoshikwa na chembe, na mvua ya kwanza itaondoka na vyote viwili.

*Assalaam alaykum dada. Nyumbani kwetu kuna msahafu na vitabu vya dini vya babu yetu, vimejalidiwa kwa ngozi. Majalada mawili yameanza kutoa unga mwekundu, ukishika unabaki mkononi. Kijana mmoja wa mtaani amenishauri nipulize dawa ya nano ili ngozi ikaze. Nifanye hivyo?*
*Msomaji, Lamu*

Waalaykumu ssalaam dada yangu. Usipulize chochote. Wala usipake mafuta ya nazi, wala ya samli, wala losheni, na zaidi ya yote usifute kwa kitambaa cha maji. Ngozi iliyofikia hali hiyo ikiguswa na maji huwa nyeusi na ngumu, na hairudi.

Unga huo ni ngozi iliyosindikwa kwa magome ambayo asidi imeikatakata minyororo yake ya kolajeni. Hali hii inajulikana sana kwenye maktaba za Ulaya, ambako moshi wa makaa ya mawe na gesi ya taa katika karne ya 19 ulijaza hewa salfa, na salfa ikageuka asidi ndani ya majalada. Joto na unyevunyevu navyo huharakisha. Dawa ya dukani ya kuzuia maji itafunika unga huo kwa utando, na asidi itaendelea kula chini yake, safari hii bila wewe kuona.

Hata hivyo kijana wako hakusema uongo kwamba nano inatumika kwenye ngozi za kale. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Florence, kundi la Piero Baglioni, wametengeneza chembe za nano za hidroksidi ya kalsiamu, yaani chokaa, na za laktati ya kalsiamu, zikiwa ndani ya spiriti badala ya maji. Spiriti huzipeleka ndani kwenye nyuzi kisha huyeyuka hewani, chembe zikabaki zimekaa juu ya nyuzi, zikaipunguza asidi taratibu pale pale ilipo. Udogo wake una faida mbili: hupenya bila kuacha tabaka jeupe juu, na kwa kuwa uso wake ni mkubwa kiasi chake huwa kidogo. Nakuomba usome sentensi inayofuata mara mbili. Ngozi ya magome inatakiwa ibaki na asidi kidogo. Chokaa ikizidi, taneni zenyewe huharibika na ngozi inaoza kwa upande wa pili. Kwa hiyo ni kazi ya mtu anayepima kwanza, anatia kidogo, anapima tena. Si kazi ya chupa ya kupuliza.

Kwa sasa viache vitabu vilale chali, visisimamishwe. Kila kimoja kifungie ndani ya kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa bila blichi na kikasuuzwa mara nyingi, ili jalada lisisuguane na jirani yake. Viwe mbali na ukuta wa nje na mbali na jikoni. Mkono mkavu, safi, unatosha kuvishika. Halafu peleka swali kwa wahifadhi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambao wana watu wao hapo hapo Lamu. Wapelekee picha kwanza, vitabu vibaki nyumbani mpaka wakuambie. Huenda vitabu hivyo vimeandikwa kwa mkono wa watu wenu, na jalada ni sehemu ya ushahidi wa nani alikijalidi na kwa ngozi gani. Unga ulioanguka usiutupe pia. Uweke kwenye bahasha ya karatasi, uandike ni wa kitabu kipi. Mpimaji anaweza kuutumia bila kukata jalada.

*Mama, nimenunua soli za ndani za ngozi zenye "nano ya fedha" za kuzuia harufu ya miguu. Nikiziosha, fedha inabaki?*
*Dereva, Mombasa*

Inategemea imeshikiliwa na nini, na kwenye ngozi fedha ina shida yake maalumu. Fedha inapenda salfa kupita kiasi. Ndiyo sababu kijiko cha fedha huwa cheusi. Nywele, sufu na kucha zimetengenezwa kwa keratini, protini yenye salfa nyingi, kwa hiyo chembe za fedha na za dhahabu hupata pa kujishikiza huko. Kolajeni iliyo nyingi zaidi kwenye ngozi ya ng'ombe, ikishakomaa, haina sisteini, ile asidi amino ambayo keratini hupata salfa yake kwayo. Kwa hiyo fedha ikiwekwa tupu kwenye ngozi haina kiti. Lazima ivishwe kitu chenye upande mmoja wa kushika fedha na upande wa pili wa kushika kolajeni, au ikamatwe ndani ya taneni.

Hata kwenye nguo si salama sana. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona waliosha soksi zenye fedha kwenye maji ya kawaida, na baadhi zilipoteza karibu fedha yote kwa kuoshwa mara chache tu. Fedha hiyo huenda mtaroni, nako huua vijidudu tunavyovihitaji. Usizioshe hizo soli. Zitoe kila jioni uziweke kivulini penye upepo. Harufu ni ya bakteria, na bakteria wanataka unyevu.

*Mume wangu anapulizia viatu dawa ya nano chumbani tukiwa tumelala na watoto. Kuna madhara?*
*Mama wa watoto wawili, Nakuru*

Aache leo. Mwaka 2006 huko Ujerumani karibu watu mia moja walipata shida ya kupumua, wengine wakalazwa na maji kwenye mapafu, baada ya kutumia dawa moja ya kufunika nyuso iliyokuwa na neno nano kwenye jina lake. Uchunguzi wa baadaye haukukuta chembe za nano ndani yake. Dawa hiyo ilipouzwa kwenye chupa ya kubonyeza kwa mkono haikuleta taarifa za madhara. Matatizo yalikuja ilipowekwa kwenye kopo la gesi, ambalo hutoa ukungu mwembamba unaofika ndani kabisa ya mapafu. Ndani ya mapafu kuna utando wa mafuta unaoyazuia yasijifunge, na vitu vya kufukuza maji huuvuruga. Kwa hiyo hata kopo lisilo na nano ni hatari likipuliziwa ndani. Nje ya nyumba, upepo ukiwa mgongoni, watoto wakiwa mbali. Afadhali zaidi anunue ya kupaka kwa sponji. Na kama lebo imetaja florini, mwambie achague nyingine: baadhi ya kemikali za jamii hiyo haziozi kwenye mazingira, na moja yake, PFOA, iliingizwa mwaka 2019 kwenye orodha ya Mkataba wa Stockholm ya vitu vya kuondolewa duniani.

*Shikamoo mwalimu. Nasoma teknolojia ya ngozi Mwanza. Mradi wangu ni kuingiza chembe za silika ndani ya ngozi ya mbuzi iliyosindikwa kwa miwati, iwe imara zaidi kwenye msuguano. Nimetumia silika yenye vazi la amino. Zinashika, lakini zote ziko juu. Nikikata ngozi, katikati hamna kitu. Pia nauliza, taneni ya miwati yenyewe inaweza kuwa vazi la chembe? Hapa kwetu inapatikana, sileni ni ya kuagiza.*
*Mwanafunzi, Mwanza*

Marahaba mwanangu. Umefurahisha moyo wangu kwa kukata ngozi ukatazama katikati. Wengi hupiga picha ya juu tu.

Shida yako ni kwamba zinashika haraka mno. Chembe zako ni chanya, ngozi ya miwati ni hasi, zikaonana mlangoni na hazikusonga tena; na za nyuma zikazuiwa na zilizotangulia. Umefundishwa jambo hili kwenye rangi: kwenye dramu, lile pipa la kuzungushia ngozi, rangi huingizwa kwanza pH ikiwa juu kidogo, ili isishike, halafu mwishoni tunatia asidi ya fomiki kidogo kidogo ili igande. Fanya vivyo hivyo, ila wewe geuza, kwa kuwa chaji zako ni kinyume cha rangi zile. Anza na pH ya 3.5 hivi, ambako ngozi ya magome haina chaji hasi ya maana. Zungusha dramu mpaka maji yapenye. Ndipo upandishe pH taratibu kuelekea 5 kwa bikaboneti ya sodiamu, kwa mafungu madogo, ukingoja kati ya fungu na fungu. Usivuke 6, ngozi ya magome hugeuka nyeusi na taneni huanza kuachia. Maji yawe yaliyosafishwa chumvi, la sivyo utapata madonge kabla hujaanza.

Ujue pia mwisho wa safari uko wapi. Kati ya matita ya nyuzi kuna nafasi za kutosha chembe ya nanomita 20 au 50 kupita. Ndani ya uzi wenyewe, kati ya molekuli na molekuli, hakuna nafasi hiyo. Kwa hiyo usiandike kwenye ripoti kwamba silika "imeingia ndani ya kolajeni". Imekaa juu ya nyuzi, na hapo panatosha kwa kazi unayoitaka.

Kuhusu epoksi, ambayo naona umeitaja pembeni mwa barua: kifungo chake ni imara kuliko mvutano wa chaji, lakini kinahitaji kikundi cha amino kisichobeba haidrojeni ya ziada, na kwenye asidi ya ngozi yako karibu vyote vimeibeba. Utalazimika kupandisha pH kuliko ngozi ya magome inavyovumilia. Iache kwa ngozi za aina nyingine.

Swali lako la pili ndilo lililonifanya nikupe nafasi ya mwisho niandike bila kubanwa. Ndiyo, inawezekana, na msingi wake unajulikana. Kome wa baharini hujigandisha kwenye mwamba uliolowa kwa protini zenye vikundi vya katekoli, yaani duara la kaboni lenye haidroksili (oksijeni iliyoshikana na haidrojeni) mbili jirani. Mwaka 2007 kundi la Phillip Messersmith kule Marekani lilionyesha kwamba dopamini, molekuli ndogo yenye katekoli hiyo, ikiachwa kwenye maji yenye pH 8.5 hujifunika juu ya karibu kitu chochote: kioo, plastiki, chuma. Mwaka 2013 kundi la Frank Caruso huko Melbourne likafanya jambo la karibu na hilo kwa asidi ya taniki pamoja na chuma, na tabaka likajitengeneza kwa muda mfupi sana. Taneni ya miwati imejaa haidroksili za namna hiyo hiyo. Upande wake mmoja utashika silika, na upande wa pili utashika kolajeni kwa vifungo vile vile ambavyo wasindikaji wamevitegemea tangu enzi za kale. Mimi naona hii ndiyo njia yetu hasa, maana malighafi inaota Njombe.

Ila uvishaji ufanye pembeni. Hiyo pH 8.5 ni sumu kwa ngozi ya magome. Vishe chembe kwenye bika, uone zinageuka kahawia, zitenge kwa mashine ya kuzungusha, zioshe mpaka maji yatoke bila rangi, ndipo uzipeleke kwenye ngozi ikiwa kwenye asidi yake. Chuma usitumie, isipokuwa unataka ngozi nyeusi, na hata hapo chuma kikizidi huila ngozi kadiri miaka inavyopita.

Kupima, huhitaji hadubini ya elektroni ya nchi za mbali. Pasua ngozi matabaka matatu, juu, kati na chini. Kausha, pima uzito, choma kila tabaka kwenye tanuri mpaka libaki jivu jeupe, pima tena. Kipande cha ngozi ile ile kisichotiwa silika kichome pia ulinganishe. Ngozi ya miwati haina kromu ya kukuchanganyia hesabu, jivu lililozidi ni silika yako. Kisha chukua vipande vingine vitatu, vitikise kwenye maji yenye sabuni kidogo usiku kucha, suuza, uchome vilevile. Tofauti ya majivu kabla na baada ya sabuni ndiyo itakayokuambia kiasi kilichoshika na kiasi kilichokuwa kimepumzika tu. Ukiipata, niandikie namba zake, za tabaka la kati hasa.